Nani Amebeba Posho? Namna ya Kupima Masimulizi ya Vita, Yaliyotokea na Yaliyobuniwa

Mwaka 480 K.K. jeshi la Uajemi, likiongozwa na mfalme Xerxes kwenda kuivamia Ugiriki, lilisimama katika uwanda wa Doriscus, huko Thrace, likahesabiwa. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anatueleza namna. Watu 10,000 walisongamanishwa mahali pamoja mpaka hakuna pa kupenyeza mguu, pakachorwa duara kuwazunguka. Walipotoka, ukajengwa ukuta wa kimo cha kitovu juu ya mstari ule. Kuanzia hapo boma likawa kipimo, kama pishi ya nafaka: likajazwa watu, likamwagwa, likajazwa tena. Jumla ikawa askari wa miguu 1,700,000, yaani boma lilijaa mara 170.

Herodotus haishii hapo. Anaongeza wapanda farasi 80,000, wanamaji, na makabila yaliyojiunga njiani, anafika wapiganaji 2,641,610. Kisha anakadiria kwamba watumishi na wafuasi wengine hawakupungua idadi hiyo, anazidisha mara mbili: 5,283,220. Tarakimu ya mwisho ni 0 na ya kabla yake ni 2, kana kwamba kila kichwa kilipigwa alama. Kumbe nusu nzima ya hesabu ni makisio yaliyopachikwa juu ya makisio mengine. Hilo ni jambo la kwanza la kutazama katika takwimu yoyote ya vita: usahihi wa tarakimu hauonyeshi kwamba kuna mtu aliyehesabu.

Mabishano kuhusu namba hii kwa kawaida hukwama mapema. Mmoja husema Herodotus alitia chumvi, mwingine hujibu kwamba sisi hatukuwepo, basi. Njia ya kutoka ni kuichukua namba yenyewe na kujaribu kuishi nayo kwa siku moja tu. Watu hawa wale nini leo, na nani amebeba?

Herodotus mwenyewe alianza hesabu hiyo, na kwa hilo anastahili heshima kuliko wengi waliomfuata. Alimpa kila mtu kipimo cha choinix, takriban lita moja ya ngano kwa siku, akapata medimnos 110,340 kila siku. Medimnos moja ni choinix 48. Ukigawanya 5,283,220 kwa 48 unapata 110,067, kwa hiyo alikosea kidogo, lakini kosa hilo si kitu. Tatizo ni kwamba alisimama hapo. Lita moja ya ngano ina uzito wa takriban gramu 800. Jeshi hilo basi lingekula zaidi ya tani 4,200 kwa siku, bila kuhesabu punda, ngamia na farasi. Ukipakia kwenye magunia ya kilo 40, ni magunia zaidi ya 105,000 ya kushushwa, kubebwa na kugawanywa kabla jua halijazama. Kesho yake, mengine 105,000.

Kuna kipimo kingine ambacho wapenda mabishano hukitumia vibaya hapa, nacho ni urefu wa msafara. Kanuni ni rahisi. Askari wakitembea wanne wanne, na kila mstari ukichukua mita 2 za barabara, watu 10,000 wanachukua kilomita 5. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, wanapita mbele yako kwa saa moja na robo. Watu 1,700,000 wanakuwa kilomita 850. Wengi wakifika hapo hutangaza ushindi. Wasiharakishe. Herodotus anasema kutoka Doriscus jeshi liligawanywa mafungu matatu yaliyofuata njia tatu, kwa hiyo kila fungu ni kama kilomita 283. Anasema pia kwamba lilivuka madaraja ya Hellespont, mlangobahari kati ya Asia na Ulaya, siku saba mchana na usiku bila kupumzika. Ukifanya hesabu, daraja moja lenye safu za watu wanne linapitisha watu 8,000 kwa saa, na kwa saa 168 ni watu 1,344,000. Kwa hiyo daraja peke yake haliiangushi hadithi. Linakaribia kuibeba, ukikubali kwamba hakuna mnyama aliyegoma wala mtu aliyejikwaa wiki nzima. Kinachoiangusha ni kwamba fungu la kilomita 283 likienda kilomita 20 kwa siku, mkia wake unang'oa kambi siku 14 baada ya kichwa. Na nchi ambayo kichwa kimeshakula kwa siku 14 haina kitu cha kuulisha mkia.

Mjerumani Hans Delbrück, aliyefariki mwaka 1929, ndiye aliyeifanya hesabu ya namna hii kuwa sehemu ya kazi ya mwanahistoria. Wengi leo wanaliweka jeshi la Xerxes kwenye 300,000 au chini ya hapo, na wapo wanaoona hata 100,000 ni wengi.

Sasa tuingie ndani ya mzigo wenyewe, maana hapa ndipo akili hudanganyika zaidi. Chukua mpagazi. Anabeba kilo 30, anatembea kilomita 20 kwa siku, anakula kilo 1 kwa siku. Watu husikia hivyo wakadhani anaweza kupeleka posho mbali sana, mradi wapagazi wawe wengi. Lakini mpagazi anakula kutoka kwenye mzigo ule ule anaoupeleka, na lazima ale akirudi pia. Kwa safari ya siku 5, kilomita 100, anakula kilo 5 kwenda na 5 kurudi, anakabidhi 20. Kwa siku 10 anakabidhi 10. Kwa siku 15, kilomita 300, anafika mikono mitupu.

Tuseme askari 1,000 wako mbele, kila mmoja anakula kilo 1. Wakiwa kilomita 100 kutoka ghalani, wanahitaji wapagazi 50 kufika kila siku, na kwa kuwa mzunguko wa kwenda na kurudi ni siku 10, wapagazi 500 wanatosha. Wakisogea mpaka kilomita 200, kila mpagazi anakabidhi nusu ya alichokuwa anakabidhi na anakaa njiani muda mara mbili, kwa hiyo wanahitajika 2,000. Wakifika kilomita 280, kila mmoja anakabidhi kilo 2 tu. Wafike 500 kila siku, mzunguko ni siku 28, jumla 14,000. Umbali haujafika hata mara tatu, wapagazi wameongezeka mara 28. Baada ya kilomita 20 nyingine, wapagazi milioni moja hawafai kitu.

Ghala la katikati ya njia halibadilishi hesabu hii, ingawa watu hupenda kulitaja. Ghala lililojazwa na wapagazi limelipiwa gharama ile ile, ila limelipiwa mapema. Kinachobadilisha hesabu ni chakula kilichokuwa huko tayari, yaani cha wenyeji, au chombo kinachobeba vingi na kula kidogo. Farasi hawezi kuwa chombo hicho katika nchi isiyo na malisho: anahitaji kama kilo 4 na nusu za nafaka na kiasi hicho hicho cha majani makavu kwa siku, na maji lita 30 wakati wa joto. Meli ndiyo jibu la kale. Mabaharia wachache, tani nyingi, na upepo hauli.

Ndiyo maana kampeni ya Xerxes inaeleweka vizuri ukiisoma kwa jicho la ugavi. Waajemi waliweka maghala mapema kwenye pwani ya Thrace na Makedonia, na jeshi lilitembea likiambaa na merikebu zake. Zilipopigwa kwenye vita vya baharini vya Salamis, njia ya posho ilikuwa hatarini, na mfalme akarudi Asia na sehemu kubwa ya jeshi. Herodotus anasema waliorudi walikula nyasi, magome na majani ya miti njiani. Simulizi maarufu huyamaliza yote kwenye ushujaa wa Wasparta 300 katika njia nyembamba ya Thermopylae, kati ya mlima na bahari, wakati shingo ya vita ilikuwa baharini.

Katika Afrika Mashariki, vita vya 1914 hadi 1918 vilionyesha hesabu ya mpagazi bila pambo. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, reli zilikuwa mbili tatu, na majeshi ya pande zote yakageukia vichwa na mabega ya watu. Simulizi za Ulaya zimeipenda kampeni hii kama mchezo wa akili wa kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck, aliyesalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kusimama Ulaya. Hayo ni kweli, lakini ukiandika kampeni hiyo bila wapagazi umeandika robo yake. Walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, na waliokufa ni makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na lishe mbovu kuliko kwa risasi. Rudi kwenye ile hesabu ya 500, 2,000 na 14,000, utaona ni kwa nini kila kilomita ya kumfukuza adui kusini ilidai vijiji vizima vya watu. Ujanja wa kamanda mmoja hauwezi kueleza hilo.

Simulizi maarufu nyingi za zamani huharibika hivyo hivyo: tukio moja lenye picha kali hufunika mzigo uliokuwa ukienda polepole. Urusi ya 1812 ndiyo mfano unaobishaniwa zaidi. Kila mtu anajua kwamba Napoleon alishindwa na baridi. Angalia tarehe. Jeshi lilivuka mto Niemen mwishoni mwa Juni. Katika siku chache za mwanzo mvua kubwa ya baridi na lishe ya majani mabichi viliua farasi wapatao 10,000. Mikokoteni mizito, iliyofaa barabara nzuri za magharibi, ilizama kwenye tope na kuachwa nyuma. Moscow waliingia tarehe 14 Septemba. Katika mchoro maarufu wa Charles Minard wa mwaka 1869, mstari unaanza na watu 422,000 mtoni, na Moscow umebaki 100,000. Si wote waliokosekana walikufa. Makumi ya maelfu waliachwa kulinda njia na ubavu. Hata hivyo sehemu kubwa ilipotea kwa njaa, kuhara, homa ya chawa, utoro na mapigano, kabla theluji haijaanguka. Theluji nzito iliwakuta Novemba, wakirudi kwa njia waliyokwisha kuila wakati wa kwenda. Baridi iliua wengi sana, lakini ililiua jeshi lililokuwa limekwisha vunjika.

Hapa pana kosa dogo la mabishano linalofaa kutajwa. Mtu akionyeshwa haya hurukia upande wa pili, akasema baridi ni uongo. Sivyo. Swali sahihi ni sababu ipi ilifanya kazi lini, na juu ya jeshi lenye hali gani.

Mfano mwingine ni wapanda farasi wa Poland wanaodaiwa kushambulia vifaru kwa mikuki mwaka 1939. Chanzo kinafahamika: tarehe 1 Septemba, karibu na Krojanty, kikosi cha wapanda farasi kiliwavamia askari wa miguu wa Ujerumani, kikawatawanya, kisha magari ya deraya yakatokea na kuwafyatulia bunduki za rashasha. Baadaye waandishi wa habari walioletwa pale waliona maiti za farasi na vifaru vilivyokuwa vimefika, wakaunganisha vitu viwili visivyokutana. Propaganda ikamaliza kazi. Kinachoniudhi kwenye hadithi hii, kuliko hata dharau kwa waliokufa, ni ile picha ya upande wa pili inayopita bila kuulizwa: Ujerumani ya mashine tupu. Jeshi hilo lilipoivamia Urusi mwaka 1941 lilikwenda na farasi zaidi ya 600,000. Kwa kilo 4 na nusu za nafaka kila mmoja, hizo ni tani 2,700 kwa siku, majani bado. Reli nayo iligoma: ya Urusi ilikuwa na upana wa milimita 1,524, ya Ujerumani 1,435. Tofauti ya milimita 89 ilitosha kuzuia treni kupita mpaka reli ipigiliwe upya.

Kutoka hapo ni hatua fupi kuingia kwenye bunilizi za kisayansi, na swali pendwa kuliko yote: kikosi cha kisasa kikirushwa hadi enzi za Roma, kitashinda? Wabishi huanza kulinganisha silaha, bunduki dhidi ya ngao, na mjadala unakufa kwa kukosa upinzani. Anza na tangi la mafuta. Kifaru cha Marekani aina ya M1 Abrams hubeba takriban lita 1,900 na hutembea kama kilomita 420 kwenye barabara nzuri. Kombania ya vifaru 14 inahitaji lita 26,600 kwa kila kujaza. Injini yake inakubali mafuta ya aina nyingi, na kuna atakayekimbilia mafuta ya zeituni. Sawa, lakini nani atakusanya lita 26,600 kila baada ya kilomita 420, kwa mikokoteni ya ng'ombe? Askari wa miguu hubeba kwa kawaida magazini 7 za risasi 30, yaani risasi 210. Watu 1,000 wana risasi 210,000, na siku moja ya mapigano makali inaweza kuzimaliza. Wiki ya kwanza watakuwa miungu. Mwezi wa tatu ni watu 1,000 wenye njaa, wasiojua lugha, wenye vyuma vizito.

Kinachobaki nao ni kile ambacho hakikubebwa mgongoni. Kuchemsha maji, kuchimba choo mbali na kisima na upande wa chini, kunawa mikono kabla ya kugusa kidonda. Katika vita vingi vya kale maradhi yaliua watu wengi kuliko silaha, kwa hiyo maarifa hayo yangewafaa wenyeji kwa karne nyingi baada ya risasi ya mwisho. Mwandishi wa bunilizi anayelijua hili ana hadithi nzuri mkononi. Asiyelijua ana orodha ya silaha.

Angani, mpagazi anarudi akiwa na jina jingine. Roketi hubeba mafuta yake, na mafuta ya mwisho lazima yabebwe na mafuta ya kwanza. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky alichapisha kanuni ya jambo hilo mwaka 1903. Injini nzuri ya haidrojeni na oksijeni hutoa gesi kwa kasi ya takriban kilomita 4.5 kwa sekunde. Kufika kwenye obiti ya chini ya Dunia, ukijumlisha hasara za hewa na mvutano, kunadai kama kilomita 9.4 kwa sekunde. Kanuni inatoa uwiano wa 8: kati ya kila kilo 8 zinazosimama ardhini, 7 ni za kuunguza. Ukitaka kasi mara mbili ya hiyo kwa injini ile ile, uwiano unakuwa 65. Mara tatu, zaidi ya 500. Ni mlima ule ule wa wapagazi 500, 2,000 na 14,000. Saturn V, roketi ya Marekani iliyopeleka watu Mwezini, ilikuwa na uzito wa takriban tani 2,900 ili kupeleka takriban tani 45 kuelekea Mwezini.

Kwa hiyo chombo cha hadithi kinapozunguka, kikafukuza, kikageuka na kurudi kwa kasi ile ile, kimetumia mafuta ambayo hakikuwa na mahali pa kuyaweka. Hapo mwandishi ana haki ya kusema injini yake ni ya aina nyingine. Bunilizi ina ruhusa hiyo, na mbishi anayeikataa anaharibu mchezo. Lakini wabishanaji wakubaliane kabla ya kuanza ni sheria gani ya maumbile imesamehewa na zipi zimebaki. Mara nyingi injini inasamehewa, halafu katikati ya mjadala joto, mwanga na mwendo navyo vinasamehewa kimyakimya, kila kimoja kwa faida ya upande mmoja.

Mwanga, kwa mfano, haupaswi kusamehewa bila kutaja. Adui akiwa umbali wa kilomita 300,000, unamwona alipokuwa sekunde moja iliyopita, na leza yako inamfikia sekunde moja baadaye. Ana sekunde 2. Akiongeza mwendo kwa mita 10 kwa sekunde kila sekunde, atakuwa mita 20 kando ya pale ulipolenga. Chombo chembamba kinaokoka, chombo kikubwa kama mji kinapigwa, na umbo la vyombo vya kivita katika hadithi nzima linatakiwa lifuate jibu hilo. Joto nalo halina pa kujificha: kwenye ombwe hutoka kwa kumulika tu, na chombo chenye watu hai ndani kinang'aa dhidi ya anga yenye nyuzi chache tu juu ya sifuri kamili.

Msamaha ulio ghali kuliko yote ni ule wa injini yenyewe. Tuseme tumekubali: chombo cha mwandishi kinafika asilimia 10 ya kasi ya mwanga, bila maswali kuhusu mafuta. Kwa kasi ya kilomita 3 tu kwa sekunde, kila kilo ya kitu chochote ina nishati inayokaribia ya kilo moja ya baruti ya TNT. Kwa kilomita 30,000 kwa sekunde, kila kilo ina nishati ya takriban tani 107,000 za TNT, kama mara saba ya bomu la Hiroshima. Chombo cha tani 1,000 kina kilo milioni moja za namna hiyo. Ngome, ngao za miji, majeshi ya kuteremshwa na kupigana mtaa kwa mtaa, vyote hivyo mwandishi ameviweka kwenye ulimwengu ambamo nahodha yeyote mwenye deni na hasira anaweza kuifuta sayari kwa kutofunga breki. Basi aeleze nani anazishika funguo za vyombo hivyo, na nini kinamzuia.